Kovu Limehamia Kulia

Ile sarafu ya mia mbili yenye kichwa cha Rais wa kwanza, watu wengi wanayo kabatini na hawajui waifanye nini. Kuitumia hawataki, kwa sababu ni ya kumbukumbu. Kuiweka nako ni kujifariji tu, maana siku ilipotangazwa mia mbili ilikuwa inanunua mikate miwili, na siku ilipotoka kiwandani ikawa inanunua nusu mkate, tena nusu ile ya mwisho iliyokauka. Najua ninachosema. Mimi ni keshia wa duka la mikate, na bei za ubaoni naziandika mwenyewe kwa chaki na kuzifuta mwenyewe kwa kiganja hiki.

Lakini mtu akiitoa mbele yangu na kuanza kunihubiria habari za Rais, namkatiza. Rais tunamheshimu, hakuna aliyesema vingine. Ila hiyo sarafu ni ya baba mkwe wangu. Kama una haraka nenda zako. Kama huna, vuta kiti.

Baba mkwe wangu ni fundi mihuri. Simsemi huyu wa siku hizi, anayebonyeza kitufe, mashine ikaguna, muhuri ukatoka, na fundi mwenyewe hajui hata umeandikwa nini. Baba anachonga kwa wembe. Anachukua kipande cha mpira mgumu, anakipaka chaki, anachora kwa penseli iliyochongoka kama sindano, kisha anaanza kuondoa kila kisichotakiwa, kidogo kidogo, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Na kila kitu anakichonga kinyume, kama kinavyoonekana kwenye kioo, ili ukishapaka wino na kugonga karatasi, maneno yasimame sawasawa. Miaka thelathini na minane anafanya hivyo, mezani pake barazani mwa jengo la ofisi za ardhi, kati ya duka la fotokopi na fundi viatu. Mji mzima unamwita Kinyume, na yeye anaitika.

Mkono ukizoea kitu, umezoea. Baba akikuandikia orodha ya vitu vya sokoni huku ana mawazo, unaipata imegeuka yote, vitunguu vinaanzia kulia, na inabidi uisome mbele ya kioo cha kabati kabla hujatoka. Mume wangu ndiye aliyefundishwa naye kuandika kabla ya kwenda shule, basi akaandika jina lake kinyume muhula mzima. Mwalimu akadhani mtoto ana matatizo ya macho. Macho yalikuwa mazima, tatizo lilikuwa baba yake.

Ila ukimcheka anakuuliza swali moja tu: "Cheti chako cha ndoa kina muhuri wa nani?" Kabla hujakumbuka, anaendelea. "Nusu ya mji huu," atasema, "wameajiriwa, wameoana na wamezikwa kwa mihuri yangu, na hakuna hata mmoja wenye jina langu." Analisema hilo huku anacheka. Mimi nami nilikuwa nacheka, sikujua kwamba lina uchungu ndani yake.

Mama mkwe alipofariki, Baba akahamia kwetu. Nikuambie ukweli, mwanzoni nilinung'unika. Nyumba ya vyumba viwili na sebule, mkwe tena wa kiume, utavaa vipi, utakaa vipi? Haukupita mwezi nikawa nawahi kurudi nyumbani kwa ajili yake. Mume wangu ni mtu mwema, lakini maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kiberiti. Baba ndiye aliyekuwa akiniuliza, "Haya, mkwe wangu, leo nani kakutukana dukani?" Namweleza yote, na yeye anatoa hukumu: huyu asamehewe, huyu auziwe mkate wa jana.

Na wa kunitukana walikuwepo tele, kwa sababu ule ndio mwaka pesa yetu ilipougua. Mwanzo bei ya mkate ilipanda kwa mwezi, baadaye kwa wiki, ikafika siku nikafuta ubao mara mbili, asubuhi na alasiri. Mama mmoja kwenye foleni akaniambia nilikuwa namngojea yeye afike mbele ndipo nifute. Chenji nayo ikapotea kabisa. Unajua ilikwenda wapi? Mafundi baiskeli na mafundi mabati waligundua kwamba sarafu ndogo ukiitoboa katikati unapata washa nzuri, kile kipete cha chini ya bolti, na washa ya dukani ilikuwa ghali mara nne kuliko sarafu yenyewe. Basi pesa za nchi zikaishia kwenye mapaa ya watu. Sisi dukani tukawa tunarudisha chenji kwa pipi. Mzee mmoja alizikusanya mwezi mzima, akaja na mfuko, akazimwaga kaunta: "Nipe mkate wa pipi arobaini." Ningemwambia nini? Nikampa.

Katikati ya hali hiyo ndipo serikali ikatangaza sarafu ya kumbukumbu. Miaka mia ilikuwa imetimia tangu Rais wa kwanza azaliwe, na wakubwa wakaona kwamba watu wakiushika uso wake mkononi watarudisha imani na pesa yao. Zamani kazi ya namna hiyo ilipelekwa ng'ambo na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Safari hii fedha za kigeni hazikuwepo. Zile chache zilizopatikana zilikwenda kwenye mafuta na ngano. Kwa hiyo tangazo likabandikwa kila mahali, hadi kwenye mlango wa ofisi za ardhi: fundi yeyote wa humu nchini achonge uso wa Rais kwa plasta, ukubwa wa sahani, bila maneno. Atakayeshinda ataajiriwa kwenye kiwanda cha sarafu.

Baba alilipita tangazo hilo siku nne bila kusema kitu. Asingelijali, naamini, kama si mdomo wangu.

Siku niliyofuta ubao mara mbili ndiyo siku yenyewe. Narudi nyumbani miguu imevimba, nimetukanwa mimi na ukoo wangu, naingia jikoni nikate vitunguu, nakuta meza imejaa vumbi la mpira. Wateja wa Baba wakati ule walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Wengine walikimbilia mashine, wengine walifunga hizo ofisi zenyewe. Basi alikuwa anachonga nyumbani, kwa mazoezi tu, mkono usilale. Nikasema, "Baba, hiyo kazi yako inaleta nini humu ndani zaidi ya takataka?"

Ulimi hauna mfupa, ndivyo wanavyosema.  Alichukua kitambaa, akafuta meza, akafuta tena mahali palipokuwa pasafi, akaenda chumbani kwake.

Asubuhi yake tukiwa kwenye chai, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nitajaribu hii ya sarafu. Nikipata, vizuri. Nikikosa, meza namwachia jirani yangu wa fotokopi, naenda kwa kaka nikamsaidie kuku wake. Mtu mzima asikae mahali anapochafua tu."

Mume wangu akasema, "Sawa, Baba," akaendelea kupaka siagi. Jamani, wanaume! Mimi kikombe nikakiweka chini. Huyo kaka yake anakaa mji wa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Mtu akienda kule na umri ule, ndio ameenda. Pale pale ndipo ningesema, "Baba, nisamehe, usiende popote." Maneno manne. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Baba, nikuongeze sukari?"

Wiki sita alizochonga, wiki sita nilibeba maneno hayo manne. Nikiamka, nasema leo. Nikiwa kaunta nayapanga vizuri, hata na sauti nitakayotumia. Nikifika nyumbani namkuta ameinama juu ya plasta yake, nasema ngoja kwanza asikatizwe, kesho. Ulimi ule ule ulionichukulia sekunde moja kumchoma, kwenye kuomba radhi ukawa jiwe. Kiburi? Aibu? Sijui. Nilijua tu kwamba akishindwa anaondoka, na mimi ndiye niliyemtoa.

Plasta aliipata kliniki, ile ile ya kufungia waliovunjika mifupa. Ya kwanza ilimgandia ndani ya sufuria yangu kubwa, ikawa sufuria na plasta ni mwili mmoja. Sikusema kitu. Kwa anayenijua mimi, huo ni muujiza. Baba mwenyewe alinitazama kwa wasiwasi akaniuliza kama naumwa.

Ya pili ikakubali. Alikuwa na picha ya Rais, ile inayojulikana na kila mtu, ya uso wa upande, anatazama kushoto, na lile kovu juu ya jicho la kushoto ambalo watoto wanafundishwa shuleni kwamba alilipata kwenye maandamano ya kudai uhuru. Baba alichonga sikio siku tatu. Sikio tu! Kwa shavu alitumia kijiko cha chai, kwa nywele akatumia wembe mpya, na kope alizipata kwa sindano yangu ya kushonea. Kila jioni nilikuwa napita na vitunguu vyangu, natazama, na kila jioni yule Rais alizidi kupata uhai. Nilikuwa nahisi kuna kitu kinanisumbua kwenye ule uso, nikadhani ni uzuri wake. Mume wangu naye akatazama siku ya mwisho, akatoa hotuba yake ya mwaka: "Anataka kunisalimia."

Siku ya kupeleka kazi niliomba ruhusa dukani, nikamwambia tajiri wangu nitamfidia Jumapili. Baba alivaa koti lake la mazishi, ndilo koti alilonalo. Plasta tuliifunga ndani ya taulo langu zuri, nikaibeba mimi, tukaenda kwa miguu taratibu, yeye akinitangulia na kunionyesha kila shimo barabarani kana kwamba nimebeba mayai.

Kwenye kiwanda cha sarafu walituweka ukumbini, kwenye benchi, pamoja na wengine. Mwalimu mmoja wa chuo cha sanaa alikuwa amemchonga Rais mwenye shingo ya mpiga ndondi. Mwingine alimchonga anacheka, na meno niliyahesabu, yalizidi. Roho ikanitulia. Nikajisemea, hapa Baba hana mpinzani. Kisha nikainua macho, na ukutani mbele yangu ilikuwepo picha ya Rais, ile ile, kubwa, ndani ya fremu.

Nikamvuta Baba mkono wa koti.

"Baba," nikamnong'oneza, "kovu lake liko upande gani?"

"Kushoto. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua."

"Hebu funua taulo."

Akafunua. Akatazama plasta, akatazama ukuta, akarudi kwenye plasta. Rais wa ukutani anatazama kushoto, na kovu lake juu ya jicho la kushoto. Rais wetu anatazama kulia, na kovu juu ya jicho la kulia. Wiki sita! Kapima kila unywele, kapata hadi mkunjo wa sikio, na mtu mzima kamgeuza mzima mzima kama muhuri wa posta. Mkono ulikuwa umefanya unachokijua, na macho yake, ambayo kwa miaka thelathini na minane yanaona kinyume ndio sawa, hayakuona kosa lolote.

Unajua alifanya nini? Alicheka. Alianza taratibu, mabega yakitetemeka, halafu akashindwa kujizuia, akacheka hadi akatoa leso. "Loo, mkwe wangu," akasema, "nimempiga Rais muhuri!" Yule mwalimu wa sanaa akatutazama kama tumelewa.

Mimi sikuona cha kuchekesha. Mimi nilichoona ni basi la siku mbili. Nikafungua mdomo niseme yale maneno, safari hii kweli nilikuwa nayasema, mlango ukafunguliwa: "Fundi mihuri, aingie."

Ndani kulikuwa na meza ndefu na watu watano. Katikati alikaa mwenyekiti, tai imembana hadi shingo imetoa mikunjo. Pembeni yake alikuwepo mjane wa Rais. Nilimjua kwa picha, ila sikujua ni mdogo hivyo. Miguu yake haikugusa sakafu vizuri. Mwishoni kabisa mwa meza alikaa fundi mkuu wa kiwanda, mzee wa ovaroli yenye grisi, mikono ameificha chini ya meza kama mtoto aliyeambiwa ni michafu.

Nikaiweka plasta mbele yao. Wote wakainama mbele, kama watu walioona kitu kizuri. Kisha mwenyekiti akavaa miwani.

"Mzee," akasema, "hili kovu limehamia kulia."

Wawili wakacheka. Baba akasema, "Ni kweli, bwana mkubwa. Ni mkono. Mimi ni fundi mihuri, mkono wangu umezoea kugeuza."

"Kazi ni safi, hatukatai. Lakini tunatoa sarafu hii ili wananchi waiamini pesa yao. Wakiona kovu limehama watasema hata Rais ni bandia. Tunakushukuru sana. Aitwe mwingine."

Baba akainamisha kichwa, akanyoosha mikono kuchukua kazi yake. Aliichukua vile vile alivyochukua kitambaa cha mezani siku ile, bila neno. Khaa! Nilishindwa. Hakuna aliyeniruhusu kusema, mimi ni mbeba taulo tu, lakini nilisikia sauti yangu inajaa chumba kizima:

"Ngojeni kwanza! Mmetazama kovu. Uso je, mmeutazama? Huko nje kuna Rais mwenye shingo ya fahali na mwingine ana meno ya kugawa. Huyu anapumua! Kosa lake ni kazi yake ya miaka thelathini na minane, na mkono usiokosea herufi hata moja, basi leo umekosea mara moja, ndio anatupwa?"

Mwenyekiti akanitolea macho. Nilitamani ardhi ipasuke. Ndipo yule mama, mjane wa Rais, akasema polepole, "Huyo binti amesema kweli. Hebu nisogezeeni."

Wakamsogezea. Akatoa miwani kwenye mkoba, akaifuta, akatazama. Alitazama muda mrefu hadi mwenyekiti akaanza kupanga karatasi zake. Kisha akaweka kidole juu ya lile kovu.

"Mwenyekiti, mwanangu," akasema, "yule wa ukutani ni wenu. Mimi yule sikumzoea sana. Mume wangu hakujua kufunga tai, hadi anaingia kaburini hakujua. Kila asubuhi nilisimama nyuma yake mbele ya kioo, nikamfunga. Zile dakika tano ndizo zilizokuwa zangu, tunaongea mambo yetu, yeye ananitazama kiooni na mimi namtazama. Akishatoka pale ni wa taifa. Na kwenye kioo, kovu lilikuwa huku." Akaligusa tena. "Huyu ndiye wangu. Sikujua kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumwona."

 Baba alikuwa amesimama na mikono yake mitupu, machozi yanamtoka waziwazi, na mimi pia.

"Halafu," yule mama akaongeza huku anavua miwani, "hilo kovu si la maandamano. Alijigonga kwenye mlango wa kabati la jikoni, akitafuta sukari niliyomficha."

Mwenyekiti akapaliwa. Aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao akaweka kalamu chini, hakujua aliandike au asiliandike.

Hapo ndipo yule fundi mkuu alipotoa mikono yake chini ya meza. "Mama, samahani. Mwenyekiti, samahani. Naomba kumuuliza huyu mzee." Akamgeukia Baba. "Unachonga kinyume bila kutazama kwenye kioo?"

"Sawasawa ndiko ninakohitaji kioo," Baba akasema.

"Na kwa kuzamisha? Sio picha iinuke, izame ndani?"

"Nimechonga mihuri ya mawakili ya kugonga lakiri, ile nta ya kufungia bahasha. Ya shaba. Ile yote inazama."

"Ndogo kama hii?" Akatoa sarafu mfukoni, akaigonga mezani.

Baba akaitazama, akatabasamu. "Muhuri wa daktari una anwani na simu, na ni mdogo kuliko hiyo."

Fundi mkuu akamgeukia mwenyekiti, na naona alikuwa amengoja siku hiyo kwa muda mrefu. "Bwana mwenyekiti, hizi sahani zote za plasta hazitusaidii. Mashine ya kuzipunguza ziwe ukubwa wa sarafu ilikufa mwaka juzi. Kipuri chake kinataka fedha za kigeni. Nimeandika barua saba, ninazo nakala. Tunachohitaji ni mtu wa kuchonga kwa mkono kile chuma kinachogonga sarafu. Na chuma hicho lazima kiwe kinyume, ili sarafu itoke sawa. Mimi namtafuta mtu huyo mwaka wa pili sasa. Kumbe anakaa barazani mwa ofisi za ardhi!"

Mwenyekiti alikohoa, akanong'ona na wenzake, akakohoa tena. Mwisho akasema kwamba kamati imeridhia, fundi mihuri aanze Jumatatu, na kovu liwe mahali pake pa kihistoria. "Kwa hiyo, mzee, sarafu itoke sawa, wewe uchonge kinyume."

"Hilo halina haja ya kuniambia," Baba akasema, na safari hii chumba kizima kilicheka, mwenyekiti pamoja.

Plasta hatukurudi nayo. Yule mama aliikumbatia akasema haiendi popote, ni yake. Aliondoka nayo ndani ya taulo langu zuri, na mimi nani wa kumdai mjane wa Rais taulo?

Tulirudi mjini tukiwa kama watoto waliofunga shule. Baba akapitia mezani kwake awape habari wa fotokopi na fundi viatu, mimi nikatangulia nyumbani niandae chakula. Nikiwa peke yangu jikoni, furaha imenijaa na haina pa kwenda, nikakumbuka kaka yake. Yule mzee atakuwa anamngojea, pengine ameshamtengea chumba. Ni adabu kumwarifu. Nikapiga simu.

"Baba mkubwa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema kabisa. Nakupigia kukuomba radhi. Baba haji tena."

"Haji wapi?"

"Huko kwako. Amepata kazi kiwanda cha sarafu, anaanza Jumatatu."

"Hee! Hongera zake! Kinyume kiwandani!" Akacheka. "Lakini kwani alikuwa anakuja?"

"Hakukuambia? Wiki sita zilizopita? Alisema anakuja kukusaidia kuku."

"Kuku gani, mwanangu? Mimi kuku niliuza wote mwaka jana, chakula chao kilipokuwa ghali kuliko mayai. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishauri niwauze. Tena Jumapili tumeongea saa nzima, hajataja safari."

Nikamshukuru, nikakata simu, nikakaa. Sufuria ilikuwa inachemka na kumwagika, nikaiangalia tu. Hakukuwa na kuku. Hakukuwa na chumba kilichotengwa. Mtu mzima alisema mezani kwetu kwamba anaondoka, akanyamaza, akatazama nani atamwambia asiende. Mwanawe akasema sawa. Mimi nikamwongezea sukari.

Nilisikia anaingia, anapiga mluzi. Nikatoka nikasimama mlangoni, mwiko mkononi, sikupanga sauti wala nini.

"Baba, nisamehe. Usiende popote. Hata hii kazi ungeikosa, hata usingechonga tena maisha yako yote, hapa ni kwako. Ningepaswa kusema siku ile ile."

Mluzi ukakatika. Akanitazama, akautazama mwiko, akaitazama simu mezani. "Umempigia kaka," akasema.

"Nimempigia."

"Kuku hawajambo?"

"Baba!"

Akacheka, lakini kidogo. Akavua lile koti, akalitundika, akachukua muda kulinyoosha mabega. "Nilidhani utasema kesho yake," akasema. "Nikangoja. Halafu nikaona haya kusema nabaki bila kuombwa."

"Na kama leo ungekosa?"

"Ningeondoka. Nilishasema, ningefanyaje?"

"Uende wapi, Baba?"

Akafikiri, na nikaona kwamba hilo hakuwahi kulifikiri hadi mwisho. "Ningefika stendi," akasema, "nikae hapo."

Nikalia mbele ya mkwe wangu bila haya, kamasi na yote. Akaniacha nilie hadi nikachoka, kisha akanichukua ule mwiko mkononi, akaenda kupunguza moto.